Kwa Mchoraji wa Meru na Embu: Kazi ya Mteja na Kazi Yako

Vijana wanaochora huku kwetu, kuanzia Maua hadi Siakago, huniuliza swali moja kuliko yote: ni lazima nihamie Nairobi ndipo niwe msanii? Wanauliza wakinionyesha simu zilizojaa picha za kazi zao, nyingi zikiwa nyuso za watu mashuhuri zilizochorwa kwa penseli, na kabla sijajibu huwa wameshanipa sababu. Huku hakuna nyumba ya maonyesho. Vifaa vya maana havipatikani. Wanunuzi ni wachache. Nyumbani nako wazazi wanataka kujua penseli hii italeta unga lini. Sababu hizo zote ni za kweli na sitaki kumwambia mtu kwamba ni visingizio. Hata hivyo jibu langu ni kwamba bado. Nairobi utaenda, na nitaeleza hapa chini uende vipi, lakini mchoraji hukuzwa na vitu vitatu ambavyo Meru na Embu vinapatikana kwa urahisi kuliko jijini: muda, kazi ya mikono ya kila siku, na mahali anapopajua vizuri kiasi cha kupachora bila kubahatisha.

Mfano wangu mkubwa ni wa mwanamke aliyezaliwa Meru, na inaniuma kwamba wengi wa vijana hao hawajawahi kusikia jina lake. Rosemary Namuli Karuga alizaliwa mwaka 1928, baba yake Mganda, mama yake Mkenya. Masista waliomfundisha shule ya msingi waliona kipawa chake wakamhimiza asomee sanaa, na mwaka 1950 akaingia Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma huko. Alijifunza usanifu, uchoraji na uchongaji, akamaliza mwaka 1952, akarudi Kenya akawa mwalimu. Kisha sanaa yake mwenyewe ikakaa kando kwa zaidi ya miaka 30. Vifaa vilikuwa ghali, na kulikuwa na darasa la kufundisha na familia ya kulea.

Alirudi kwenye sanaa alipostaafu, miaka ya 1980, kwa kuhimizwa na binti yake. Mwaka 1987, akikaribia miaka 60, alikuwa msanii mkaazi katika kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Pesa za rangi bado hazikuwapo. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kimoja kimoja hadi vikawa watu, mifugo na maisha ya kijijini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1990, kazi zake zilikuwa ukutani Studio Museum in Harlem, New York, katika onyesho la wasanii wa Afrika wa wakati huo, yeye akiwa mwanamke pekee miongoni mwao. Baadaye alitengeneza picha za kitabu cha Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard. Alihamia Ireland kuishi na binti yake mwaka 2006, na huko ndiko alikofariki mwaka 2021 akiwa na miaka 92.

Watu husimulia maisha haya ili kuwatia moyo waliochelewa. Ni sawa; kama umestaafu ualimu Chuka au Runyenjes na mkono bado unawasha, rudi leo. Lakini mimi huyasoma pia kwa upande wa ile miaka 30. Yaelekea pakiti za unga zilikuwamo jikoni mwake wakati wote huo. Huenda sabuni ilinunuliwa, karatasi yake ikawashia moto. Simlaumu hata kidogo. Mwalimu wa kike mwenye familia katika Kenya ya miaka ya 1950 na 1960 alikuwa na siku iliyojaa kabla jua halijatoka, na alichofunzwa chuoni kilihitaji vifaa vya kununua. Kilichomkwamisha ni vifaa na nafasi, kipawa kilikuwapo. Wewe unaweza kulikabili jambo hilo mapema, ukiwa na miaka 19 au 25, kwa kutafuta kifaa ambacho hakitaisha pesa zikiisha.

Anza na karatasi. Mfuko wa saruji wa karatasi una tabaka zaidi ya moja. La nje lenye chapa na la ndani lililogusa saruji yaweke kando. Ukipata la katikati, hilo ni kaki safi, ngumu, pana kuliko daftari lolote la kuchorea utakaloliona madukani Embu mjini. Kwenye majengo mafundi huichoma. Waombe. Ikung'ute nje ukiwa umejifunga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la saruji linaumiza mapafu, kisha ikate na uilaze chini ya godoro mpaka inyooke. Kaki hiyo yenyewe ni rangi ya kati. Ukichora uso juu yake, giza unaliweka kwa makaa na mwanga kwa chaki nyeupe, na sehemu kubwa ya shavu unaiacha vilevile. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kujifunza mwanga na kivuli.

Makaa nayo usinunue. Chukua mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, utoboe tundu moja dogo juu, ujaze vijiti vyembamba vilivyokauka na kumenywa gome, unene wa penseli. Uweke ndani ya jiko lenye moto mkali. Moshi utatoka kwenye lile tundu. Ukikatika, toa mkebe na uuache upoe kabisa kabla ya kuufungua, maana ukifungua kukiwa na moto ndani hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu mbele ya macho yako. Jaribu miti tofauti ya shambani. Mmoja utatoa mstari laini mweusi ti, mwingine utakwaruza. Andika upi ni upi.

Kwa rangi, fuata njia ya mama Karuga. Kusanya pakiti kwa muda kabla hujabandika chochote, uzipange kwa rangi wala si kwa chapa: nyekundu zote pamoja, manjano pamoja, kaki pamoja, na zile zenye maandishi madogo peke yake, kwa kuwa maandishi madogo ukiyatazama kutoka mbali huwa kijivu. Ukichana kwa mkono karatasi iliyochapishwa, ukingo wake huacha mstari mweupe. Ukiikata kwa makasi, ukingo ni safi. Kingo hizo mbili ni kama brashi mbili tofauti. Uliochanwa unafaa nywele, manyoya ya kuku na ukungu. Uliokatwa unafaa paa la mabati na ukingo wa sufuria. Tumia gundi nyeupe ya mafundi wa mbao iliyolainishwa kwa maji kidogo, pakaa chini na juu ya kipande, kisha ukikandamize kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Bandika juu ya hadibodi. Katoni hujikunja, hasa miezi ya Julai na Agosti ukungu unapoteremka kutoka mlimani na kila kitu ndani ya nyumba kinakuwa na unyevu.

Kabla ya kumuuzia mtu picha ya namna hiyo, pima rangi zake. Chukua vipande vya kila pakiti, vibandike kwenye kadi, funika nusu ya kila kimoja kwa karatasi nene, na uiweke kadi dirishani penye jua kwa miezi miwili. Ukifunua utaona zipi zimebaki na zipi zimepauka. Wino wa pakiti haukutengenezwa uishi ukutani miaka 20, na mnunuzi anayeona nyekundu yake imekuwa waridi hatarudi kwako. Zilizopauka zitumie kwa mazoezi tu.

Hili la kutafuta kifaa cha nyumbani halihusu umaskini peke yake. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na ambaye kazi zake zimeonyeshwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, angeweza kununua turubai lolote analotaka. Anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda, na matundu na mishono ya gome hilo anaiacha ionekane. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisoma Uingereza lakini akasafiri hadi Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wanawake wanaofinyanga kwa mikono bila gurudumu. Vyombo vyake leo viko katika makumbusho duniani kote. Kwa hiyo kama jirani yako ni bibi anayesuka kiondo cha katani au anayekausha nyuzi za migomba, kakae naye mchana mzima. Mpelekee sukari na majani. Uliza kwa nini anaanza pale anapoanzia.

Sasa kazi ya kula. Huku kwetu mchoraji huajiriwa na kuta: bucha inataka ng'ombe, kinyozi anataka vichwa vya mitindo, chekechea inataka herufi na wanyama, kanisa linataka mto Yordani nyuma ya madhabahu, na mwenye matatu anataka gari lake litambulike kutoka ng'ambo ya stendi. Atakayekuambia kwamba kazi hizi zinakushusha hajawahi kuzifanya. Mtazame fundi wa vibao aliyekomaa anapoandika jina la duka. Ukuta umeshapigwa msasa na kupakwa andakoti. Yeye na msaidizi wake wananyosha uzi uliopakwa chaki, wanauvuta kidogo na kuuachilia, na mstari ulionyooka unajiandika ukutani. Herufi anazipima kwa macho kuanzia katikati ya neno, kwa penseli hafifu. Halafu anaegemeza mkono wake kwenye fimbo iliyofungwa kitambaa nchani, anachovya brashi bapa kwenye rangi ya mafuta, na mkunjo wa herufi S unatoka kwa pumzi moja. Mkono ule umejengwa na miaka ya vibao. Kufanya kazi kubwa, kwa tarehe iliyopangwa, mbele ya wapita njia wanaotoa maoni bila kuombwa, ni chuo kizima.

Hatari ya kazi hii ni nyingine. Mkono hujifunza ng'ombe mmoja. Ng'ombe wa bucha ya Nkubu ni yule yule wa Igoji na wa Ishiara, kichwa upande uleule, mguu wa mbele umenyanyuliwa vilevile, kwa sababu fundi alimpata ng'ombe huyo kwa fundi mwingine na mteja hajawahi kulalamika. Baada ya miaka kumi una mkono mwepesi na macho yaliyolala. Dawa yake ni kuwa na kazi ya pili, ndogo, ambayo hakuna mteja anayeisubiri. Chagua saa moja ya siku iwe yake, ile ambayo hakuna mtu atakayekuita. Kwa wengi ni alfajiri kabla ya simu kuwashwa. Katika saa hiyo usichore kitu cha kuuza. Chora kitu kilicho mbele yako, kikiwa hai au kimekaa: jiko, viatu vya shamba vyenye udongo, mdogo wako akila. Iwe kurasa ndogo, na ziwekwe tarehe. Siku ya soko nenda Gakoromone na daftari linaloingia mfukoni, simama mahali usipomzuia mtu, uchore migongo. Migongo ya watu wanaobeba mizigo inasema mengi, na mwenye mgongo hajui unamchora, kwa hiyo hajipangi. Ukitaka uso, omba ruhusa.

Saa hii ndiyo ya kwanza kuibwa. Kazi za vibao zikija kwa wingi, mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa, utajiambia utaifidia baadaye. Ipunguze iwe robo saa, lakini usiifute.

Kuhusu mahali, tuna utajiri ambao wachoraji wa nchi nyingine husafiri bara hadi bara kuutafuta. Panda matatu kutoka Manyatta, kwenye majani chai na baridi, uteremke kupitia kahawa, mahindi na migomba hadi Kiritiri, kwenye migunga, vumbi la kijivu na jua linalofuta rangi zote saa sita. Ni safari ya mchana mmoja, na kila ngazi ya mteremko huo ina kijani chake. Mlima wenyewe, mita 5,199, unaonekana wazi asubuhi na mara nyingi kufikia saa nne umejifunika. Wachoraji wetu wengi wanauchora kutoka kwenye picha ya kalenda, tena ile iliyopigwa upande mwingine kabisa wa mlima. Mtu wa Meru hauoni mlima kama mtu wa Nyeri anavyouona. Vilele vimepangika tofauti, na jua linauangukia kutoka upande mwingine. Uchore kutoka kwenu.

Kwa muda mrefu aliyewachora watu wa Meru na kukumbukwa kwa kazi hiyo alikuwa mgeni: Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alizunguka Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 akichora watu wa makabila mbalimbali wakiwa na mapambo na mavazi ya jadi, na picha nyingi kati ya hizo zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Zinastahili kutazamwa kwa makini. Alikuwa na jicho la ushanga na ngozi. Lakini watu wake wamesimama kama vielelezo, wametolewa nyumbani kwao na kuwekwa mbele ya karatasi tupu. Mama anayemenya ndizi akizungumza na jirani kupitia ua hakumchora. Nafasi hiyo bado iko wazi, na anayeweza kuijaza ni mtu anayejua wanazungumza nini.

Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa mwaka 1965, alitumia maisha yake kuwakataza wasanii kunakili, akiona kunakili kama dharau kwa Muumba. Usichukulie maneno yangu tu, nenda Murang'a. Katika kanisa kuu la Kianglikana pale kuna michoro yake mitano mikubwa ya maisha ya Kristo, aliyoimaliza mwaka 1959, na Kristo yuko miongoni mwa Waafrika katika nchi ile ile unayoiona ukitoka nje ya mlango. Kutoka Embu ni safari ya asubuhi moja. Omba ruhusa kwa wenye kanisa, kaa na daftari, uchunguze jinsi alivyoyapanga makundi ya watu kwenye ukuta mkubwa. Kwa fundi anayepewa kazi za makanisa, hiyo ni shule isiyo na karo. Kwa upande wa Meru, ingia makumbusho ya mjini, yaliyo katika jengo la mawe la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, uchore vibuyu na vigoda. Mchongo wa kigoda una hesabu ya umbo ambayo penseli itakufundisha na jicho pekee haliwezi. Kunakili kwa kujifunza, ukiwa peke yako na daftari, nakuunga mkono. Kunakili kwa kuuza, yale machweo yenye twiga yaliyotapakaa kila soko la watalii, kutakulisha mwaka mmoja na kukuacha pale pale.

Unahitaji pia watu wa kukuambia ukweli. Sifa za mtandaoni ni tamu lakini hazionyeshi mguu uliokosea. Tafuta wenzako watatu au wanne, hata kama mmoja ni mshonaji na mwingine mpiga picha, mkutane mara moja kwa mwezi, kila mmoja akileta kazi isiyokamilika. Aliyeileta anyamaze kwanza. Wengine waseme wanachokiona kabla ya kusema kama ni kizuri. Na usisahau wakosoaji wasio wasanii. Mpelekee mwenye bucha mchoro wako wa ng'ombe na umuulize nyama ya mguu wa nyuma imekaaje. Atakuonyesha kwa kidole kosa ambalo mhadhiri angelipita. Mpelekee mkulima wa miraa mchoro wa mti wake. Nyanyako atakuambia hakuna mtu anayeshika mwiko hivyo.

Nageukia dada zangu, hasa walioolewa na wenye watoto wadogo, kwa kuwa yaliyomkuta Karuga bado yanawakuta. Ushauri mwingi wa wasanii umeandikwa kwa mtu mwenye chumba chake na mchana mzima. Chagua namna ya kazi inayokubali kukatizwa. Rangi ya mafuta inataka nafasi, ina harufu, na mtoto ataikanyaga. Kubandika vipande, mchoro wa wino, kudarizi, hizi unazianza, mtoto analia, unaziacha, unazirudia kesho pale pale ulipoachia. Fanya kazi ya ukubwa wa sinia, na uifanyie juu ya sinia hasa: vipande, makasi, gundi na ubao vinabebwa kwa pamoja na kusukumwa chini ya kitanda wageni wakifika. Picha 12 za ukubwa huo zinazohusiana zinajaza ukuta wa maonyesho vizuri kuliko moja kubwa ambayo haikuisha. Na waume wanaosoma haya: saa moja ya jioni, watoto wakiwa na baba yao, ni mchango mkubwa kuliko kununua easeli.

Pesa. Bei ianze na hesabu: vifaa, siku ulizofanya kazi kwa kiwango cha fundi wa eneo lenu, nauli, fremu. Hapo ndipo unapata chini ambapo hushuki. Nyumba nyingi za maonyesho hubaki na theluthi au hata nusu ya bei, kwa hiyo bei ya nyumbani na ya Nairobi iwe moja. Mnunuzi akigundua kwamba Meru unauza nusu bei, umeharibu pande zote mbili. Kwa kazi ya ukutani, chukua nusu ya malipo kabla ya kununua rangi, na makubaliano yaandikwe, hata kama ni ujumbe wa simu: ukubwa, nini kitachorwa, marekebisho mangapi, lini, kiasi gani. Mteja mwaminifu hachukizwi na maandishi.

Kuna jambo la sheria ambalo wengi hulijua wakiwa wameshaumia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mteja, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa huyo aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Maana yake, ukichora nembo au picha kwa ajili ya hoteli, na hoteli ikaichapisha kwenye fulana na kalenda, huenda huna la kudai. Sentensi moja kwenye makubaliano inatosha kubadilisha hali: kwamba hakimiliki inabaki kwa mchoraji na mteja anaruhusiwa kuitumia picha mahali fulani tu. Kazi yako ya alfajiri, isiyoagizwa na mtu, ni yako, na inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Unaweza kuisajili na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.

Wazazi wenye wasiwasi wana haki ya kuwa nao. Usibishane nao kwa maneno makubwa. Waonyeshe daftari la hesabu, kilichoingia na kilichotoka. Waambie pia kwamba shule zetu za sekondari ya juu sasa zina mkondo wa sanaa na michezo, ulioanza na wanafunzi wa gredi ya 10 Januari 2026, na mkondo huo unahitaji walimu. Sane Wadu alikuwa mwalimu kabla ya kujitosa kwenye uchoraji, na makao yake ni Naivasha, si Nairobi. Taasisi ya sanaa ya kisasa aliyoianzisha Armitage jijini Nairobi ilipofungua milango yake, onyesho la kwanza lilikuwa la kazi za Wadu za miaka mingi.

Na Nairobi yenyewe? Nenda kama mgeni kabla hujaenda kama mkaazi. Panga siku mbili, tembelea Makumbusho ya Taifa, kituo cha wasanii cha Kuona, na nyumba mbili tatu za maonyesho. Kutazama katika nyumba hizo kwa kawaida hakulipishwi. Mara ya kwanza usibebe kazi yoyote. Tazama fremu, tazama bei, soma vibandiko, uone ni nani anayechora yanayokaribiana na yako. Mara ya pili andika kwanza, uombe miadi, na upeleke kazi nane za ukoo mmoja badala ya 30 za kila aina, maana anayekutazama anataka kujua unafuatilia jambo gani. Ulizia tarehe na masharti ya maonyesho ya sanaa ya bei nafuu yanayoandaliwa kila mwaka na Kenya Museum Society. Ni mlango mzuri kwa asiye na jina. Kwenye matatu usikubali kazi zako zitupwe juu ya gari. Ziweke uso kwa uso zikitenganishwa na karatasi safi, zibane kati ya vipande viwili vya hadibodi, funga kamba, lipia kiti cha pili ikibidi.

Jambo la mwisho linachukua dakika mbili kwa kila kazi na karibu hakuna anayelifanya. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, sheria yetu inampa mchoraji haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena katika soko la sanaa, kwa masharti yaliyowekwa, lakini haki hiyo haina nguvu kama huwezi kuonyesha kwamba kazi ni yako na ilitoka mikononi mwako lini. Ipige picha kila kazi kabla haijaondoka nyumbani, nje, kivulini, simu ikiwa imelingana na katikati ya picha. Weka daftari la wanunuzi: jina, simu, bei, tarehe. Kisha geuza picha na uandike nyuma kwa penseli, kwani wino huvuja mbele: jina lako kamili, jina la kazi, mwaka, vipimo kwa sentimita, kila kifaa ulichotumia hadi aina ya pakiti, na mahali ulipoifanyia, iwe ni Mikinduri, Kianjokoma au Chogoria.